Tumewaachia Watakatifu Kazi Moja

Hapa Moshi swali la watakatifu limo ndani ya koo zetu kuliko lilivyo darasani. Wamisionari Wakatoliki wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Kilema mwaka 1890 na Kibosho mwaka 1893, na mwaka huohuo wa 1893 Walutheri wa Leipzig wakaanza kazi Machame, kisha wakaenea Mamba na Old Moshi, hivyo mlima ukagawanyika kimadhehebu kwa kutegemea nani alitangulia kufika kwa mangi yupi, yaani mtawala yupi wa Kichaga. Vizazi vilivyofuata vimeoana bila kuijali sana mipaka hiyo. Ndiyo maana mazishi kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, huwakusanya watu wa pande zote mbili, na litania ya watakatifu inapoanza, baadhi ya waombolezaji wanaitikia “utuombee” na wengine wananyamaza kwa adabu. Baadaye, watu wakishakaa kula, shemeji wa Kilutheri huuliza lile swali: kwa nini mnazungumza na waliokufa, ilhali Mpatanishi ni mmoja?

Mkatoliki aliyepitia katekisimu ana jibu tayari, na jibu lenyewe halina kasoro. Mtaguso wa Pili wa Nikea, yaani mkutano wa maaskofu wa mwaka 787, ulitenganisha kuabudu, ambako ni haki ya Mungu peke yake, na heshima wanayopewa watakatifu na sanamu zao. Mtaguso wa Trento, katika kikao chake cha mwisho Desemba 1563, ulifundisha kuwa ni jambo jema na la kufaa kuwaomba watakatifu watuombee, huku ukisisitiza kwamba neema inayopatikana inatoka kwa Mungu kwa njia ya Mwanae, Mkombozi wetu pekee. Mtume Yakobo anasema kuomba kwake mwenye haki kwafaa sana, na Kanisa Katoliki halioni sababu ya kifo kuyanyamazisha maombi ya mtu ambaye sasa yuko karibu na Mungu kuliko alivyokuwa duniani. Shemeji anaweza asikubali, lakini atakuwa ameelewa.

Hata hivyo shemeji huyo ana silaha ambayo mara nyingi haitumii. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, ambalo ni msingi wa imani ya Walutheri, lina ibara ya 21 inayohusu watakatifu, na ibara hiyo haisemi kwamba watakatifu wasahauliwe. Inasema wakumbukwe, ili imani yetu ipate nguvu tunapoona jinsi walivyopokea neema, na ili matendo yao mema yawe mfano kwa kila mtu katika wito wake. Inachokataa ni kuwaomba. Kwa maneno mengine, Walutheri walishika mfano wakaacha maombezi. Sisi Wakatoliki, kwa mafundisho, tumeshika vyote. Ile Prefasio ya Watakatifu inayosomwa katika Misa inamshukuru Mungu kwa mambo matatu anayotupa kupitia kwao, yaani mfano katika maisha yao, ushirika katika umoja nao, na msaada kwa maombezi yao. Hoja ninayotaka kuijenga ni kwamba, katika mazoea ya parokia zetu za Kilimanjaro na Arusha, mambo hayo matatu yamebaki moja. Tunaomba sana, tunaiga kidogo mno, na kwa sababu hiyo hata maombi yenyewe yameanza kupinda.

Tazama namna tunavyoishi na majina yao. Karibu kila jumuiya ndogo ndogo ina mtakatifu wake: Mt. Kizito, Mt. Monika, Mt. Karoli Lwanga, Mt. Ana. Sikukuu ya somo, yaani ya huyo mtakatifu msimamizi, inapofika kunakuwa na Misa, sare za vitenge, mbuzi, na hotuba ya mwenyekiti yenye taarifa ya mapato na matumizi. Mara chache sana utamsikia mtu akisimama kueleza huyo Monika alikuwa nani, alimlilia mwanawe Agostino kwa miaka mingapi, au Kizito alikuwa na umri gani alipochomwa moto Namugongo. Novena, zile sala za siku tisa, tunazijua kwa moyo. Maisha tunayaachia kitabu kilicho sakristia, ambacho hakiazimwi.

Mtu mwenye faili lililokwama ofisini hutafuta mtu wa ndani, yule anayefahamiana na bosi, ili jambo lisogee; hana haja ya kujua mtu huyo anaishije, na wala hakusudii kufanana naye. Wengi wetu tunamwendea mtakatifu hivyohivyo. Mt. Rita wa Cascia anapendwa sana na kina mama wetu kwa kuwa ni mwombezi wa mambo yaliyoshindikana, na miongoni mwa mambo yaliyoshindikana katika mlima huu migogoro ya kihamba huenda inaongoza. Lakini Rita, kama mapokeo yanavyosimulia, ni mwanamke ambaye mume wake aliuawa katika uhasama wa koo, naye akawazuia wanawe wasilipize kisasi kwa kuwaombea hata wafe kuliko wawe wauaji. Ni wangapi kati ya ndugu wanaowasha mishumaa mbele ya sanamu yake ili washinde kesi ya mpaka wa kihamba wanaokumbuka kwamba maisha yake yote yanawauliza kama wako tayari kuuacha uhasama wenyewe? Mtakatifu asiye na historia hawezi kukusumbua. Huenda ndiyo sababu tunampenda bila historia yake.

Picha ya mtu wa ndani inaharibu jambo kubwa zaidi kuliko uelewa wetu wa Rita, kwa maana inamfanya Mungu awe bosi mgumu anayehitaji kubembelezwa na watu anaowapendelea. Mt. Thoma wa Akwino alikwisha kulijibu hilo katika karne ya 13: hatuombi ili tuugeuze mpango wa Mungu, bali ili tupokee yale ambayo Mungu mwenyewe amepanga yapatikane kwa kuombwa. Mtakatifu anapoomba hamshawishi Mungu awe mwema. Anashiriki katika wema ambao ulikuwepo kabla yake na ambao ndio uliomfanya yeye kuwa mtakatifu. Basi kumwomba Rita bila kutaka chochote cha Rita ni kuomba upewe tunda huku ukiukataa mti.

Kanisa Kuu la Arusha limewekwa chini ya Mt. Theresia wa Mtoto Yesu. Ni Mfaransa aliyeingia monasteri ya Wakarmeli ya Lisieux akiwa na umri wa miaka 15, akafa kwa kifua kikuu tarehe 30 Septemba 1897 akiwa na miaka 24. Alitangazwa mtakatifu mwaka 1925, na miaka miwili baadaye Papa Pius XI akamfanya msimamizi wa misioni pamoja na Fransisko Ksaveri, yeye ambaye tangu alipoingia Karmeli hakutoka tena nje ya kuta zake. Njia yake ilikuwa kufanya kazi ndogo zisizoonekana kwa upendo mkubwa, pamoja na kumvumilia mtawa mwenzake ambaye kila alichofanya kilimkera. Arusha ni mji wa mikutano ya kimataifa, wa madini na wa magari ya watalii, mahali ambapo thamani ya mtu hupimwa haraka kwa ukubwa wa anachokifanya. Sidhani kama kuna mji nchini ambao mfano wa Theresia ungeusema vikali zaidi, na sidhani kama kuna anayeukumbuka mfano huo anapomwomba viza ya Ulaya itoke.

Kwa mashahidi wa Uganda tunaweza kuwa tumejitahidi kidogo, kwa sababu mahujaji wetu huenda Namugongo kila mwaka kwa ajili ya tarehe 3 Juni, na wanarudi na masimulizi. Lakini kuna sehemu ya simulizi hiyo ambayo watu wa Moshi tungepaswa kuijua kuliko wengine wote. Shahidi wa kwanza Mkatoliki, Mt. Yosefu Mukasa Balikuddembe, alikuwa mkuu wa watumishi wa ikulu ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, na aliuawa tarehe 15 Novemba 1885. Alikuwa akiwakinga vijana wa ikulu dhidi ya tamaa za bwana wao, na juu ya hilo alimkemea kabaka kwa kuamuru kuuawa kwa James Hannington, askofu wa Kianglikana. Hannington huyo, miezi kadhaa kabla ya kifo chake, mwaka huohuo wa 1885, alikuwa amefika hapa Moshi kwa Mangi Rindi, ambaye wageni walimwita Mandara, akitafuta nafasi ya misioni. Kwa hiyo Mkatoliki wa kwanza kufia imani Uganda alikufa kwa kusema wazi kwamba kumwua mtu wa dhehebu lingine ni dhambi. Papa Paulo VI, alipowatangaza mashahidi wale 22 kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, aliwataja pia wenzao Waanglikana waliokufa kwa ajili ya jina la Kristo. Habari hii ingefaa sana kusimuliwa kwenye yale mazishi ya kihambani. Tungekuwa na cha kumwambia shemeji kabla hajauliza.

Zaidi ya mwezi mmoja tu baada ya tukio hilo, tarehe 21 Novemba 1964, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipitisha hati ya Lumen Gentium, ambayo sura yake ya tano inafundisha kwamba wito wa utakatifu ni wa waamini wote, wa hali zote na kazi zote. Mafundisho hayo hayakuwa mapya. Paulo anawaandikia Wakristo wa Efeso na Filipi akiwaita watakatifu, na alikuwa anawaandikia watu walio hai, wenye madeni na ugomvi wao. Kilichokuwa kimetokea katika karne nyingi za katikati ni kwamba neno hilo lilipanda juu ya altare na kukaa huko, likawa la maaskofu, watawa na wafalme. Mtaguso ulilishusha. Tunapaswa kukubali kwamba huku kwetu bado halijafika chini kabisa, kwani mtu akimwambia mwenzake “wewe ni mtakatifu” kwa kawaida anamdhihaki.

Kanisa, kwa hiyo, halimfanyi mtu kuwa mtakatifu linapomtangaza; linathibitisha kwamba yuko kwa Mungu na kwamba maisha yake yanafaa kuwekwa mbele ya wote. Mwanzoni uthibitisho huo haukutoka Roma. Waamini wa mahali walikusanyika kwenye kaburi la shahidi siku ya kumbukumbu ya kifo chake, na askofu wao akaikubali heshima hiyo. Tangazo la kwanza la papa ambalo kumbukumbu zake zimehifadhiwa ni la Ulrich wa Augsburg, mwaka 993, na mwaka 1234 Papa Gregori IX akaiweka mamlaka hiyo mikononi mwa papa peke yake. Tangu Papa Yohane Paulo II alipotengeneza upya taratibu mwaka 1983, njia ni hii: askofu wa mahali mtu alipofia anafungua mchakato, kwa kawaida baada ya miaka mitano kupita tangu kifo, naye anaitwa Mtumishi wa Mungu; fadhila zake zikithibitishwa kuwa za kishujaa anaitwa Mheshimiwa; muujiza mmoja unampeleka kwenye daraja la Mwenye Heri, na mwingine kwenye utakatifu. Shahidi wa imani hahitaji muujiza ili awe Mwenye Heri.

Kuhusu miujiza watu wengi wanadhani Vatikano ni wepesi wa kuamini. Ukweli ni kinyume chake. Uponyaji unaodaiwa hupelekwa kwa jopo la madaktari, na kanuni za mwaka 2016 zinadai kwamba angalau watano kati ya saba wakubaliane kuwa sayansi haina maelezo. Hata malipo ya wataalamu hao lazima yapite benki, jambo linaloonyesha kwamba waliotunga kanuni walijua binadamu ni nani. Na si kila muujiza ni wa hospitalini. Sista Irene Stefani, Mwitaliano wa Shirika la Consolata, aliwahudumia wapagazi waliochukuliwa na jeshi la Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, katika hospitali za vita za Kilwa, Lindi na Dar es Salaam, kabla ya kurudi kwa Wakikuyu wa Gikondi waliompa jina la Nyaatha, mama wa huruma. Alikufa mwaka 1930 baada ya kumuuguza mgonjwa wa tauni. Alipotangazwa Mwenye Heri mjini Nyeri mwaka 2015, muujiza uliotambuliwa ulikuwa wa Nipepe, Msumbiji, ambako Januari 1989, katikati ya vita, zaidi ya watu 200 waliokuwa wamejifungia kanisani walimwomba, na maji kidogo ya kisima cha ubatizo yakawatosha kwa siku kadhaa. Mwanamke huyu alifunga macho ya wapagazi katika ardhi yetu. Sijawahi kukutana na jumuiya yenye jina lake.

Kuna wanaosema kwamba yote haya ni matambiko ya mababu yaliyovikwa kanzu, na wapo wasomi wa kwetu wanaolisema hilo kwa sifa badala ya lawama. Lina ukweli wake. Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake wa mwaka 1995 baada ya Sinodi ya Afrika, aliuliza kama imani ya Waafrika kwamba waliokufa wanaendelea kuishi na kushirikiana nasi haikuwa kwa namna fulani maandalizi ya kuupokea ushirika wa watakatifu. Padri Charles Nyamiti, mwanateolojia Mtanzania aliyefundisha miaka mingi Nairobi, alikwenda mbali zaidi na kumtafakari Kristo mwenyewe kama Mhenga wetu. Pamoja na hayo, kuna tofauti isiyoweza kufichwa. Katika desturi za makabila mengi, mhenga ni wa ukoo wake. Analinda wa damu yake, na mtu aliyekufa bila mtoto alikuwa hatarini kukosa wa kumkumbuka. Watakatifu wa Kiafrika wanaivunja kanuni hiyo. Kizito alikuwa kijana wa miaka 14 hivi. Mt. Yosefina Bakhita, aliyezaliwa Darfur yapata mwaka 1869, aliibwa utotoni na kuuzwa mara kadhaa hata akalisahau jina alilopewa na wazazi wake. Alikufa mtawa nchini Italia mwaka 1947 na akatangazwa mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000. Binti asiye na jina la ukoo wala mtoto asingeweza kuwa mhenga wa mtu yeyote, na leo anaombwa na watu wa mabara yote. Tofauti ya pili ni hofu. Mzimu usiotambikiwa hukasirika, lakini mtakatifu hana deni la kukudai. Zile jumbe za WhatsApp zinazokuamuru utume novena kwa watu kumi kabla ya usiku wa manane la sivyo utapata msiba zimerithi roho ya mzimu na kuiandika jina la Mt. Yuda Tadei.

Mfano ukirudishwa mahali pake, swali la mtakatifu yupi tumtazame linakuwa zito, maana mfano unahitaji ukaribu. Chukua watu wawili ambao maisha yao yanaweza kueleweka na mwalimu au karani yeyote wa mkoa huu.

Benedict Daswa alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi katika jimbo la Limpopo, Afrika Kusini, baba wa watoto wanane, aliyebatizwa akiwa kijana mwaka 1963. Alilima bustani ya mboga shuleni ili watoto wasiokuwa na ada wapate njia ya kulipa, na alishiriki kwa mikono yake kujenga kanisa la kijiji. Mwanzoni mwa mwaka 1990 radi zilipiga nyumba za kijiji, na wazee wakaamua kila mtu achange fedha ili mganga aletwe kumtaja mchawi aliyezituma. Daswa alikataa kuchanga. Alijua kwamba mchango ule ungeishia kwenye kifo cha jirani fulani, pengine mwanamke mzee. Usiku wa tarehe 2 Februari 1990 alizibiwa njia, akapigwa mawe na marungu, na maji ya moto yakamwagwa kichwani mwake. Mwaka 2015 alitangazwa Mwenye Heri. Katika nchi ambayo vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu na watu wenye ualbino wamekatwa viungo, huyu ndiye mtakatifu ambaye tungemhitaji kwenye mahubiri, na kosa lililomwua lilikuwa dogo kabisa kwa kipimo cha kawaida: alikataa mchango wa kijiji ambao kila mtu alikuwa ametoa.

Wa pili ana jina la Kiswahili. Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma mwaka 1981, akasoma sheria, akaajiriwa katika ofisi ya serikali ya Kongo inayokagua ubora wa bidhaa zinazoingia mpakani. Aliletewa rushwa ili apitishe shehena ya chakula kilichooza, akakataa, wakaongeza dau, akakataa tena. Julai 2007, akiwa na miaka 26, alitekwa na kuuawa. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa Mwenye Heri mjini Roma, kama shahidi wa imani, kwa kuwa Kanisa lilitambua kwamba aliyemwua alichukia imani iliyomfanya Floribert akatae. Hatua hiyo ya kimafundisho si ndogo. Kwa karne nyingi shahidi alikuwa mtu aliyeulizwa kama anamkana Kristo. Floribert hakuulizwa hivyo. Aliulizwa kama atagonga muhuri. Sisi tunaoishi kati ya vituo vya mpakani vya Holili, Tarakea na Namanga tunajua muhuri ni nini, na tuna vijana wengi waliosomeshwa kwa jasho la kahawa na ndizi ambao siku moja watakuwa na muhuri mikononi mwao. Ni vigumu kufikiria mtu bora wa kuwapa kama msimamizi wa Kipaimara kuliko huyu. Lakini ukimleta kwa namna ya mtu wa ndani ya ofisi, utakwama mara moja: huwezi kumwomba Floribert akusaidie mzigo upite.

Hadi leo hakuna Mtanzania aliyetangazwa mtakatifu, na swali hilo likiulizwa watu hulielekeza Roma moja kwa moja, kana kwamba kuna orodha huko ambayo tumesahauliwa. Mchakato unaojulikana zaidi ni wa Mtumishi wa Mungu Julius Kambarage Nyerere, uliofunguliwa na Dayosisi ya Musoma mwaka 2005. Umezua mabishano, na mimi nayaona kuwa yenye afya. Wanaouliza habari za vijiji vya ujamaa na za watu waliowekwa kizuizini bila kesi wana haki ya kuuliza, na wanaojaribu kuyafunika maswali hayo wanauumiza mchakato, kwa sababu mashahidi wa upande wa pili lazima wasikilizwe. Kinachopimwa, hata hivyo, ni imani, matumaini, mapendo, busara, haki, nguvu na kiasi katika maisha ya mtu mwenyewe. Sera zake hazipigiwi muhuri. Mt. Tomaso More, ambaye Papa Yohane Paulo II alimtangaza msimamizi wa wanasiasa mwaka 2000, alikuwa Chansela wa Uingereza wakati wazushi walipochomwa moto, na hakuna anayedhani kwamba kumheshimu ni kuyasifu mambo yale.

Nyerere ana faida ambayo wengine hawana: kila alichosema kiliandikwa. Vivyo hivyo mashirika ya kitawa yana nyaraka, fedha, na mtu maalumu wa kufuatilia mchakato, anayeitwa postulatori. Mlei wa kijijini hana hayo. Ndiyo maana nilifurahi tarehe 19 Oktoba 2025, Papa Leo XIV alipomtangaza mtakatifu Peter To Rot, katekista wa Papua New Guinea, mume na baba, aliyeuawa mwaka 1945 chini ya utawala wa kijeshi wa Wajapani. Mapadri walipokuwa wamefungwa, yeye aliendelea kufundisha, kubatiza na kuwazika watu, na alipinga hadharani amri ya kurudisha ndoa za wake wengi. Aliwezekana kutangazwa kwa sababu kijiji chake kilikumbuka na kikasema.

Imani katika mlima huu ilipanda kutoka misioni hadi vitongojini kwa miguu ya makatekista, wengi wao wakilipwa kidogo au bila kulipwa, na katika kila parokia ya zamani kuna jina moja au mawili ambayo wazee wakiyataja wanashusha sauti. Sifa hiyo ya utakatifu miongoni mwa watu ndiyo kitu cha kwanza ambacho askofu anapaswa kukithibitisha kabla ya kufungua mchakato wowote. Roma haiwezi kuitengeneza wala kuiagiza. Ikiwa miaka 30 imepita tangu kifo, askofu lazima pia aeleze kwa nini watu walichelewa. Kanuni zinatofautisha kesi za karibuni, ambazo zina mashahidi waliomwona mhusika kwa macho, na kesi za kale, ambazo mashahidi wake wote wamekwisha kufa na kinachosikilizwa ni maandishi peke yake. Mtoto aliyefundishwa Komunyo ya Kwanza na mmoja wa makatekista hao mwaka wa Uhuru, akiwa na miaka tisa, sasa amevuka miaka 70. Akizikwa, kesi ya mwalimu wake inahamia kundi la pili, na katika madaftari ya jumuiya zetu kilichoandikwa ni michango.